Kabla Konkriti Haijamwagwa: Kusimamia Ubora katika Viwanda vya Chai vya Meru na Embu

Kusimamia ubora wa ujenzi na ukarabati kiwandani ni kuhakikisha kwamba kilichochorwa ndicho kinachojengwa, kilicholipiwa ndicho kinachowekwa, na kilichoharibika kimerudi katika hali ya kufanya kazi bila kudhuru watu wala bidhaa. Msimamizi hajengi wala hatengenezi. Anaangalia, anapima, anaandika, na inapobidi anasimamisha kazi. Sehemu kubwa ya shughuli yake iko katika muda mfupi ambapo fundi amemaliza hatua moja na hatua inayofuata bado haijaifunika: nondo zimefungwa lakini konkriti haijamwagwa, bomba limechomelewa lakini halijavikwa pamba ya kuzuia joto, beringi imewekwa lakini kifuniko bado kiko chini. Muda huo ukipita, kinachobaki kuonekana ni uso tu, na uso wa kazi mbovu unaweza kulainishwa kwa mwiko ukapendeza macho.

Katika kaunti za Meru na Embu kazi hii inajulikana zaidi kupitia viwanda vya chai. Upande wa Meru viko Imenti, Githongo, Kinoro, Kionyo, Kiegoi, Igembe na Michimikuru. Upande wa Embu viko Kathangariri, Mungania na Rukuriri, na katikati yao, Tharaka Nithi, kuna Weru. Ni viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa mwaka 2000 kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Mkulima hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha hesabu za mwaka zikifungwa hupata malipo ya pili, ile bonasi ambayo karo na mabati ya nyumba huingoja. Gharama ya paa linalovuja, ya boila iliyopasuka na ya msingi uliozama hutolewa kabla bonasi haijagawanywa. Kwa hiyo mwenye mradi hasa hayupo kwenye mkutano wa mradi. Yuko kwenye kituo cha kununulia majani, amesimama na kikapu chake akisubiri lori, na hana njia ya kujua kama konkriti iliyomwagwa jana ilikuwa na saruji ya kutosha. Msimamizi wa ubora ndiye macho yake.

Anayefanya kazi hii anaweza kuwa mhandisi mshauri wa mradi mmoja au fundi mkuu wa kiwanda aliyekabidhiwa jukumu hilo. Cheo kina uzito mdogo kuliko swali la nani anamlipa na nani anaweza kumwambia anyamaze. Akilishwa na mkandarasi, hana kazi. Akiripoti kwa meneja wa uzalishaji peke yake, siku majani yanapofurika atashinikizwa akubali mashine irudi kabla ya majaribio kukamilika, na meneja huyo wala hatakuwa na nia mbaya: ana malori yaliyojaa getini na majani yanayochemka kwa joto lake yenyewe. Mpangilio uliothibitika kuwa bora ni ule ambao ripoti ya ubora huenda kwa bodi ya wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima, nakala kwa meneja, na uwezo wa kusimamisha kazi umeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Uwezo unaotafutwa baada ya ugomvi kuanza haupatikani.

Sheria inatoa msingi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 inataka mkandarasi awe amesajiliwa katika daraja linalolingana na ukubwa wa kazi, kuanzia NCA 8 kwa kazi ndogo hadi NCA 1. Lakini cheti kinaonyesha kampuni tu. Hakionyeshi ni fundi yupi atakayefika Jumatatu asubuhi. Kwa sababu hiyo msimamizi makini huomba majina ya msimamizi wa mkandarasi na ya wachomeleaji, na wakibadilishwa katikati ya kazi anataka kujua kwa nini.

Majira ndiyo yanayopanga kalenda. Mashariki mwa Mlima Kenya mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba, na majani huwa mengi wakati huo. Hupungua Julai na Agosti kwa ajili ya baridi na ukungu, kisha tena Januari hadi mapema Machi kwa kiangazi. Kiwanda hakifungwi chote. Laini moja husimamishwa huku nyingine ikiendelea, au kiwanda jirani hupokea majani kwa siku kadhaa. Misingi, mitaro na mapaa hufaa kufanywa Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Ukarabati wa mashine na boila hufaa Julai na Agosti, kwa kuwa hufanyika ndani. Mpango huu ni rahisi kuandika. Huvurugika kwa sababu zabuni huchelewa kufunguliwa, malipo ya awali huchelewa kutoka, na kazi ya msingi iliyokusudiwa Januari hujikuta mwishoni mwa Machi, mawingu yakiwa yameshafunga mlima. Ukichunguza konkriti mbovu katika viwanda vya mteremko huu, nyingi ilimwagwa katika majuma hayo. Msimamizi anayejali hupigania tarehe ya kuanza kama anavyopigania saruji.

Kazi ya kwanza uwanjani ni kupokea vifaa. Saruji inayouzwa madukani huwa hasa ya nguvu za aina mbili, 32.5 na 42.5. Ya kwanza inatosha kujengea ukuta na kupiga plasta. Msingi wa mashine na nguzo huhitaji ya pili, na bei zake hazilingani. Kwa hiyo mfuko husomwa kabla haujashushwa. Katika nyanda za juu zenye ukungu saruji huharibika upesi: ikipangwa sakafuni au kuegemezwa ukutani, mifuko ya chini huvuta unyevu na kufanya mabonge magumu. Bonge linalovunjika kwa vidole linavumilika. Linalohitaji nyundo limekufa.

Nondo hupimwa kwa mizani. Nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu gramu 888 kwa mita, hivyo kipande cha mita 12 hukaribia kilo 10.7. Sokoni zipo zinazoitwa za 12 ambazo zimepunguzwa unene kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona na mkanda wa kupimia unadanganywa na mikunjo ya uso wa chuma. Mizani haidanganyiki, na katika kiwanda cha chai mizani haiko mbali. Kukata mita moja kutoka kila shehena na kuipima huchukua muda mfupi kuliko chai ya saa nne, na inasikitisha kuona jinsi kipimo hicho kinavyorukwa.

Mchanga ndio unaostahili maneno mengi. Mchanga unaotumika Embu na Meru hutoka zaidi nyanda za chini, katika mito ya msimu ya Mbeere na Tharaka, na ubora wake hubadilika na mahali ulipochotwa na siku ulipochotwa. Ukichotwa katikati ya mto baada ya mafuriko kupita, huwa safi na wa chembe kali. Ukichotwa kwenye kingo, huja na udongo. Udongo hufunika chembe za mchanga na kuzuia saruji isishike, na pia hunywa maji, hivyo vibarua huongeza maji kwenye mikisa ili mchanganyiko uwe laini, na konkriti hudhoofika mara mbili. Jaribio la uwanjani ni la chupa. Chupa angavu hujazwa mchanga hadi karibu nusu, yakaongezwa maji yenye chumvi kidogo, ikatikiswa kwa nguvu na kuachwa kwa saa chache. Mchanga hutua chini, na juu yake hubaki utando wa udongo unaoonekana wazi. Utando ukizidi karibu asilimia 8 ya kimo cha mchanga, lori hilo hurudishwa au mchanga huoshwa kabla ya kutumiwa. Faida kubwa ya chupa hii ni kwamba dereva wa lori, msimamizi wa mkandarasi na kibarua wote wanaiona kwa macho yao. Mabishano huisha bila mtu kupandisha sauti. Msimamizi mmoja katika kiwanda cha upande wa Embu alikuwa akizipanga chupa hizo kwenye dirisha la stoo, kila moja na tarehe na namba ya lori, na baada ya muda madereva walianza kuuliza wenyewe, "Injinia, yangu imetulia vipi?" kabla ya kufungua ubao wa nyuma.

Kisha unakuja udongo wa mahali penyewe. Miteremko ya Meru na Embu ina udongo mwekundu wa volkano, wenye kina kirefu. Ukiwa mkavu husimama wima kwenye shimo hadi mtu akaamini hautaanguka kamwe, ukiloa hulegea. Kwa kuwa viwanda vimejengwa kwenye mteremko, uwanja hupatikana kwa kuchimba upande wa juu na kujaza upande wa chini. Jengo likikaa nusu juu ya ardhi asilia na nusu juu ya udongo wa kujazwa, nusu ya pili huzama taratibu. Katika kiwanda kimoja banda la kunyaushia majani liliongezwa kwa namna hiyo, na miaka michache baadaye ufa wa ngazi ulipanda ukutani mahali hasa udongo wa kujazwa ulipoanzia. Ufa huo ulizibwa kwa plasta kila mwaka na kila mwaka ulirudi. Kilichohitajika ni misingi ya upande wa chini kushushwa hadi udongo asilia, jambo ambalo lingegharimu kidogo kabla ya ukuta kuinuliwa. Hivyo msimamizi hushuka shimoni mwenyewe na kuchoma sakafu yake kwa chuma chenye ncha, hasa pembeni, na hukataa kukubali kina kilichoandikwa kwenye mchoro iwapo ardhi aliyoikuta chini ni laini.

Kumwaga konkriti ndiko kunakoonyesha tabia ya kila mtu. Mfano ni msingi wa mashine mpya ya kukaushia chai katika kiwanda kimoja cha upande wa Meru. Shimo lilikuwa tayari, nondo zimefungwa kwa waya, mikisa imewashwa na kokoto zimepangwa. Ilikuwa alasiri, na mawingu yalikuwa yakishuka. Msimamizi wa ubora alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya wavu wa nondo na kutoa jiwe dogo. Alisogea hatua chache akatoa jingine. Michoro ilitaka wavu uinuliwe milimita 50 kutoka chini kwa vile vipande vya konkriti ambavyo mafundi huviita biskuti. Hapa palikuwa na mawe yaliyookotwa, mengine ya ukubwa wa kidole gumba, na sehemu nyingine wavu ulilala moja kwa moja juu ya ardhi. Kibarua mwenye karai akikanyaga hapo, mawe huteleza na wavu huenda chini. Nondo inayogusa udongo hupata unyevu, huota kutu, kutu huvimba na kupasua konkriti kutoka ndani. Hakuna atakayeona kwa miaka mingi, na atakayeona hatajua chanzo.

"Injinia, mvua hiyo," alisema msimamizi wa mkandarasi, mzee mwenye kazi nyingi nzuri nyuma yake. "Tumwage, tutaziinua tukiendelea."

"Mzee, tukishamwaga hatutaona. Leo hatumwagi."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi shimo lilikuwa na maji ya kufika magotini, na ukuta mmoja wa udongo ulikuwa umeporomoka juu ya nondo. Maji yalivutwa kwa pampu, tope likatolewa kwa majembe, nondo zikaoshwa kwa brashi ya waya, na biskuti zikaletwa kutoka stoo na kufungwa moja moja. Siku nzima ilipotea na mkandarasi akadai fidia. Fidia haikulipwa, kwa sababu kifungu cha mkataba kilisema wazi kwamba hakuna konkriti itakayomwagwa kabla ya karatasi ya ukaguzi kutiwa sahihi. Lakini ni haki kusema kwamba sehemu ya lawama ilikuwa ya ratiba: ukaguzi uliitwa alasiri ilhali ungeitwa asubuhi, na tangu hapo katika mradi huo taarifa ya kumwaga ilitakiwa kutolewa siku moja kabla.

Konkriti yenyewe hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya papo hapo: koni ya bati yenye kimo cha milimita 300 hujazwa kwa tabaka, kila tabaka likichomwa kwa chuma, kisha koni huinuliwa na konkriti hushuka. Ikiporomoka kupita kiasi, maji yamezidi. Ya pili ni michemraba ya milimita 150 inayomwagwa kutoka mikisa hiyo hiyo, ikatunzwa majini na kupondwa maabara siku ya 7 na ya 28. Siku ya 7 konkriti nzuri huwa imefikia karibu theluthi mbili ya nguvu inayotarajiwa, hivyo matokeo hayo ni onyo la mapema. Hatari iko kwenye uaminifu wa mchemraba. Mkandarasi asiye mwaminifu hutengeneza michemraba yake pembeni kwa saruji nyingi. Dawa ni msimamizi kuchagua karai mwenyewe bila kutangaza na kuandika alama kwenye konkriti ikiwa bado mbichi.

Baada ya kumwaga, konkriti hunyweshwa maji kwa angalau siku 7, ikiwa imefunikwa kwa magunia. Kiangazi cha Februari hukausha uso wake kwa saa chache kwa jua na upepo. Kazi hii huachiwa mlinzi wa usiku, asiyelipwa kwa ajili yake, na ndiyo maana haifanyiki. Kuiandika kwenye hesabu ya gharama, na jina la mtu mmoja pembeni, kumeleta mabadiliko makubwa kuliko mawaidha.

Mashine huja juu ya msingi huo. Bolti za kushikilia huwekwa kwa kiolezo cha bati kilichotobolewa kutokana na mashine yenyewe, kwa sababu bolti iliyokaa milimita chache kando humfanya fundi apanue tundu kwa moto, na mashine huanza maisha yake ikiwa imelegea. Mashine za CTC, zinazokata na kusaga majani kwa rola mbili zenye meno, zinahitaji uangalifu wa pekee. Rola moja huzunguka mara kumi ya kasi ya nyingine, na nafasi kati yake ni ndogo sana. Meno hunolewa kila baada ya muda, na kila mara rola hupungua kipenyo, hivyo nafasi hupangwa upya na usambamba wa shafti hupimwa kwa saa ya kupimia katika ncha zote mbili. Rola iliyopangwa vibaya haitoi kelele siku ya kwanza. Hutoa chai yenye chembe zisizolingana, na mnunuzi kwenye mnada wa Mombasa huishusha bei kabla fundi hajasikia beringi ikilia.

Boila ni sura ya pili inayohitaji muda. Viwanda hivi huchoma kuni, hasa za mkaratusi, na mvuke hupelekwa kupasha moto hewa ya kukaushia na ya kunyaushia. Boila huzimwa, huachwa ipoe polepole, hufunguliwa na kusafishwa, ndipo mkaguzi aliyeidhinishwa huitwa. Msimamizi wa ubora huanza kazi kabla yake. Hukagua upande wa moto na upande wa maji, na hukata mrija mmoja unaotiliwa shaka ili kutazama ndani. Ukoko mweupe wa madini ulioganda ndani ya mrija huzuia joto lisifike majini. Chuma hupata joto kupita kiasi, hulainika na kuvimba. Maji ya mito inayoteremka kutoka mlimani kwa kawaida ni laini, na hilo huwafanya watu walegeze dawa ya kutibu maji. Kiangazi kikizidi na kiwanda kikahamia maji ya kisima kirefu yenye madini zaidi, ukoko hujengeka kwa kasi ambayo ratiba ya zamani haikuitarajia. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mrija, msimamizi huuliza maji yalitoka wapi mwaka huo.

Kuchomelea kwenye boila hakupewi fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea. Mchomeleaji kwanza hujaribiwa kwa kipande cha chuma cha unene uleule, nacho hukatwa na kukunjwa. Vijiti vya kuchomelea ni suala zito katika ukungu wa vilima vya Nyambene upande wa Meru na kwenye miteremko ya Manyatta upande wa Embu: vile vya haidrojeni ndogo vikiachwa wazi huvuta unyevu hewani, na unyevu huo huingiza haidrojeni kwenye chuma kilichoyeyuka na kusababisha nyufa zinazojitokeza saa kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshaenda nyumbani. Vinapaswa kukaa kwenye oveni ndogo na kutolewa vichache vichache. Boksi lililofunguliwa na kuwekwa sakafuni karibu na mlango ni sababu ya kusimamisha kazi. Mshono wa kuchomelea ukipoa hupakwa rangi nyekundu ya kupenya, hufutwa, kisha hupuliziwa unga mweupe; penye ufa, wekundu hurudi juu katika mstari mwembamba. Vibarua wengi waliowahi kuona mstari huo ukijitokeza juu ya mshono uliong'aa hawakuhitaji kuelezwa tena kwa nini ukaguzi upo.

Mwisho boila hujazwa maji na kushinikizwa hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Maji hutumika kwa sababu hayasinyai: kitu kikipasuka, shinikizo hushuka papo hapo. Hewa ikitumika, nguvu iliyohifadhiwa ndani hulipuka. Kipimo cha shinikizo kiwe kimesahihishwa karibuni, na viwepo viwili. Wakati wa jaribio valvu za usalama huzibwa au kuondolewa, na hapa ndipo kosa la kuogofya hutokea, kwamba kizibo husahaulika. Msimamizi huandika namba ya kila kizibo kinachowekwa na hukirudisha mkononi mwake kabla ya moto kuwashwa.

Paa, ukuta na umeme hufuata taratibu zinazojulikana na hazihitaji kurefushwa. Bati hukaguliwa kwa mpandiano wake na misumari yake, mabomba ya maji ya mvua kwa mteremko wake, nyaya za umeme kwa ardhi yake na kwa upinzani wa kihami. Inatosha kusema kwamba maji ya paa yanayomwagika karibu na msingi kwenye udongo mwekundu huharibu kazi yote iliyoelezwa juu, hivyo mtaro hukamilishwa pamoja na paa, wala hauachwi kuwa kazi ya mwisho ambayo fedha zake zimeshaliwa.

Kiwanda cha chai kina jambo moja zaidi: kinatengeneza kitu kinachonywewa. Kila ukarabati huacha takataka, kama vile vipande vya waya, nati, matone ya chuma cha kuchomelea, rangi na grisi. Chai hupita kwenye sumaku kabla ya kufungashwa, lakini sumaku haikamati alumini, wala shaba, wala kipande cha plastiki. Kwa hiyo zana huhesabiwa zikiingia na zikitoka, brashi za waya zinazomwaga nyuzi hazitumiki juu ya mkanda wa kuchachushia, na grisi iliyo karibu na majani huwa ya aina inayoruhusiwa kwenye chakula. Laini ikifunguliwa tena, chai ya kwanza hupitishwa kuosha mashine na haipelekwi sokoni. Uoshaji huo humgharimu mkulima kilo kadhaa. Shehena iliyokataliwa ng'ambo kwa sababu ya kipande cha waya humgharimu jina la kiwanda chake.

Yote hayo huandikwa. Daftari la msimamizi lina tarehe, hali ya hewa, idadi ya watu, kilichomwagwa na wapi, kilichokataliwa na sababu, na picha zenye kipimo ndani yake, kwa mfano rula iliyolazwa kando ya nondo. Thamani ya maandishi huonekana vizuri zaidi mahali palipo na mitambo ya umri mrefu. Chini ya mteremko huu, kwenye mto Tana mpakani mwa Embu, kituo cha umeme cha Kindaruma kilianza kazi mwaka 1968, kikafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mapema miaka ya 2010 Kindaruma ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kuongezewa mashine ya tatu, na uwezo wake ukapanda kutoka megawati 40 hadi 72. Kazi ya aina hiyo hufanywa na watu ambao hawakuwapo konkriti ilipomwagwa, na wanachoweza kuamini ni kipimo kilichoandikwa na walichoweza kupima wenyewe. Baadhi ya viwanda vya chai vina mitambo yake midogo ya umeme wa maji pia, kama ule wa Imenti wenye uwezo wa karibu megawati moja, na bomba lake la shinikizo linahitaji kumbukumbu za uchomeleaji na unene kama boila.

Mradi ukikamilika, kasoro zilizobaki huorodheshwa, na sehemu ya malipo ya mkandarasi hubaki mkononi mwa kiwanda hadi kipindi cha dhamana kiishe, mara nyingi miezi 6 au 12. Kwa miteremko hii miezi 6 ni michache, kwa kuwa inaweza kuisha jengo likiwa limeona msimu mmoja tu wa mvua. Miezi 12 hupitisha masika na vuli, mashine hufanya kazi msimu mzima wa majani mengi, na ufa, uvujaji au mtetemo uliokuwa umejificha hujitokeza mkandarasi akiwa bado na deni. Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwa daftari la kwanza mkononi, mahali kwa mahali, kabla ya fedha hizo kuachiliwa. Michoro husahihishwa ionyeshe kilichojengwa kweli, pamoja na mabomba yaliyohamishwa na mirija ya boila iliyozibwa. Nakala moja huenda ofisi kuu na nyingine hubaki kiwandani katika chumba cha mafundi, ambako fundi wa zamu anayetafuta valvu iliyozikwa saa nane za usiku ataifikia bila kusubiri mtu mwenye ufunguo.